Bingwa Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

SOMO LA 11

Kabla ya kusoma

Je, umewahi kuwa hodari wa kazi fulani, kisha ukaenda mahali pengine ukakuta huhesabiwi kitu? Fikiri kidogo. Mweleze mwenzako aliye karibu nawe darasani. Kisha someni somo hili pamoja.

Aibu ya kuanza upya

Ndugu msomaji, mtu mzima anapoanza kujifunza jambo jipya, adui yake wa kwanza ni aibu. Katika kazi yangu ya kutembelea madarasa nimeona watu wanaoficha daftari ndani ya kapu wakienda darasani. Hawataki majirani wajue. Mama anayeongoza nyumba ya watu kumi hushika kalamu kama anashika kaa la moto. Fundi anayejenga nyumba imara hutoka jasho kwa kuandika jina lake. Nyumbani ni mabingwa. Darasani wanaanza na a, e, i, o, u.

Somo hili linamhusu mtu aliyepatwa na jambo kama hilo. Hakuwa mkulima wala fundi. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Kwao Ulaya alikuwa bingwa. Alipofika Marekani aliwekwa benchi kama mtu asiyejua kitu. Jina lake ni Dražen Petrović. Jina hilo husomwa Drazhen Petrovich. Alama ndogo unazoziona juu ya herufi hutumika katika lugha ya kwao.

Mchezo wenyewe

Mpira wa kikapu huchezwa na timu mbili. Kila timu huwa na wachezaji 5 uwanjani. Wengine hukaa kwenye benchi, wakingoja kuitwa. Kila mwisho wa uwanja kuna pete ya chuma yenye wavu. Pete hiyo iko juu, mita 3 na sentimita 5 kutoka sakafuni.

Mchezaji hukimbia huku akiudunda mpira kwa mkono. Akiutia mpira katika pete, timu yake hupata pointi 2. Akiutupa kutoka mbali, nje ya mstari maalumu, hupata pointi 3. Akichezewa vibaya wakati anapotupa, mwamuzi humpa mitupo huru. Hapo hutupa bila kuzuiwa na mtu, na kila mtupo unaoingia ni pointi 1.

Mtoto wa Šibenik

Dražen alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1964 katika mji wa Šibenik. Huu ni mji mdogo wa pwani, kando ya bahari ya Adriatiki. Wakati ule ulikuwa katika nchi ya Yugoslavia. Nchi hiyo haipo tena. Leo Šibenik iko katika nchi ya Kroatia.

Baba yake alikuwa polisi. Mama yake, Biserka, alikuwa mtunza maktaba. Kaka yake, Aleksandar, alitangulia kucheza mpira wa kikapu. Dražen akamfuata.

Jambo moja katika maisha yake husimuliwa kuliko mengine. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, aliingia peke yake katika ukumbi wa michezo. Alitupa mpira kikapuni mara 500. Wenzake walipokuwa bado wamelala, yeye alikuwa ameloa jasho. Jioni alirudi tena kufanya mazoezi na timu.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 alianza kucheza pamoja na watu wazima katika timu ya mji wake, iitwayo Šibenka. Mwaka 1982 na mwaka 1983 timu hiyo ya mji mdogo ilifika fainali ya Kombe la Korać, moja ya makombe ya Ulaya. Mara zote mbili ilishindwa na timu ya Limoges kutoka Ufaransa.

Ushindi uliofutwa

Mwaka huohuo wa 1983 Šibenka ilifika fainali ya Yugoslavia. Ilicheza na timu ya Bosna kutoka mji wa Sarajevo. Mwishoni kabisa mwa mchezo mwamuzi alisema Dražen amechezewa vibaya. Akapewa mitupo huru miwili. Alikuwa kijana wa miaka 18, na mji mzima ulikuwa ukimtazama. Alitupa wa kwanza, ukaingia. Alitupa wa pili, ukaingia. Šibenka ikashinda. Watu wakasherehekea usiku.

Siku ya pili viongozi wa mchezo huo walifuta ushindi. Walisema uamuzi haukuwa wa haki. Waliamuru mchezo urudiwe. Šibenka ilikataa kurudia, na ubingwa ukapewa Bosna.

Hakurudishiwa ushindi ule. Alikwenda jeshini mwaka mmoja, kama sheria ya nchi ilivyotaka. Aliporudi alijiunga na timu ya Cibona katika mji mkubwa wa Zagreb, alikokuwa akicheza kaka yake.

Bingwa wa Ulaya

Akiwa na Cibona, Dražen alipata Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara mbili, mwaka 1985 na mwaka 1986. Katika fainali ya mwaka 1985 Cibona iliishinda Real Madrid ya Hispania kwa pointi 87 kwa 78. Dražen peke yake alifunga pointi 36.

Tarehe 5 Oktoba 1985 alifunga pointi 112 katika mchezo mmoja, dhidi ya timu ya Olimpija kutoka mji wa Ljubljana. Cibona ilishinda kwa 158 kwa 77. Ukisikia hivyo utashangaa. Lakini msomaji mzuri hauishii kushangaa. Huuliza pia habari ilikuwaje. Siku ile Olimpija haikuwa na wachezaji wake wakubwa, kwa sababu ya makosa ya kuandikisha majina. Ilipeleka vijana. Pointi 112 ni za kweli, lakini hazikufungwa dhidi ya watu wazima. Unaposoma tarakimu yoyote, iwe ya michezo, ya mavuno au ya bei, uliza imepatikanaje.

Hata bila mchezo ule, sifa zake zilikuwa nyingi. Katika Michezo ya Olimpiki timu ya Yugoslavia ilipata medali ya shaba mwaka 1984 na ya fedha mwaka 1988, naye akiwamo. Msimu wa 1988 hadi 1989 alichezea Real Madrid. Katika fainali moja ya kombe la Ulaya huko Athens, mwaka 1989, alifunga pointi 62 dhidi ya timu ya Caserta ya Italia. Safari hii hapakuwa na vijana. Wapinzani walikuwa watu wazima, na mchezo ulikuwa mgumu hadi mwisho.

Huko Ulaya hakubakiwa na mlima wa kupanda. Akatazama Marekani.

Benchi la Portland

Marekani ndiko mchezo huu ulikoanzia. Ligi yao kubwa huitwa NBA, na wachezaji wake hulipwa mishahara. Miaka ile ni wachezaji wachache sana waliojifunzia mpira Ulaya na kufika huko. Mwaka 1985 alikwenda Georgi Glouchkov wa Bulgaria, akacheza msimu mmoja. Mwaka 1986 alikwenda Fernando Martín wa Hispania, akacheza michezo 24, akarudi kwao. Watu wengi wa Marekani walisema kwamba wachezaji wa Ulaya hujua kutupa mpira tu. Walisema hawana mbio, wala hawawezi kumzuia mtu.

Mwaka 1989 walifika watano: watatu kutoka Yugoslavia na wawili kutoka Umoja wa Kisovieti. Dražen alikuwa mmoja wao. Alijiunga na timu ya Portland.

Portland ilikuwa timu nzuri. Katika nafasi yake alikuwapo Clyde Drexler, mmoja wa wachezaji bora wa Marekani. Basi Dražen akakaa benchi. Mtu aliyezoea kucheza tangu mwanzo hadi mwisho aliingizwa kwa dakika chache, kisha akaitwa atoke. Tena mambo mengi yalikuwa mageni. Mstari wa pointi 3 ulikuwa mbali zaidi kuliko wa Ulaya, karibu mita moja. Watu aliopaswa kuwazuia walikuwa wepesi kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Mwaka 1990 Portland ilifika fainali, ikashindwa na timu ya Detroit. Mwaka wa pili hali yake ikawa mbaya zaidi. Portland ilicheza michezo 38, naye aliingia uwanjani katika michezo 18 tu. Katika mingine 20 hakuinuka benchi hata mara moja.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo letu. Mtu katika hali hiyo huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kurudi nyumbani. Kwao angepokewa kama mfalme. Ya pili ni kukaa na kulalamika tu. Ya tatu ni kukubali kwamba kuna jambo hulijui, na kuanza kujifunza.

Tusidanganyane. Dražen alilalamika. Aliumia moyoni, na alisema wazi kwamba anataka kuhamishwa apelekwe timu itakayompa nafasi. Hakuona haya kudai nafasi. Lakini huku akidai, alifanya kazi. Alitupa mpira kabla ya wengine kufika na baada ya wengine kuondoka. Alinyanyua vyuma ili mwili wake upate nguvu. Alijifunza kazi ya kumzuia mpinzani, kazi ambayo kwao hakuijali sana. Wahenga walisema: ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Bingwa yule aliinama.

Nafasi yapatikana

Mwezi wa Januari 1991 alihamishwa. Alikwenda katika timu ya New Jersey, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu. Mwalimu wa timu akampa muda wa kucheza. Tazama jedwali hili. Linaonyesha wastani wa kila mchezo, nasi tumekadiria kwa namba nzima.

Msimu wa 1989–90, Portland: dakika 13, pointi 8
Msimu wa 1990–91, Portland: dakika 7, pointi 4
Msimu wa 1990–91, New Jersey: dakika 21, pointi 13
Msimu wa 1991–92, New Jersey: dakika 37, pointi 21
Msimu wa 1992–93, New Jersey: dakika 38, pointi 22

Soma jedwali kutoka juu kwenda chini. Mstari wa pili ni bonde. Mistari inayofuata ni mlima. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni vitu viwili: alipewa nafasi, na nafasi ilipokuja ilimkuta yu tayari. Kama angekaa bure Portland, nafasi ya New Jersey ingempita.

Msimu wa 1991–92 alicheza michezo yote 82 ya ligi. Timu yake ikaingia katika michezo ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986. Mwaka 1993 alichaguliwa kuwa mmoja wa wachezaji 15 bora wa msimu katika ligi yote. Wale waliosema kwamba watu wa Ulaya hawawezi, wakanyamaza.

Katika Olimpiki ya Barcelona, mwaka 1992, Kroatia ilikuwa nchi mpya. Dražen aliiongoza hadi fainali. Huko walikutana na timu ya Marekani iliyokuwa na Michael Jordan na mabingwa wengine. Katika kipindi cha kwanza, kwa muda mfupi tu, Kroatia iliongoza 25 kwa 23. Mwisho Marekani ilishinda kwa 117 kwa 85. Dražen alifunga pointi 24, na Kroatia ikapata medali ya fedha.

Rafiki aliyepotea

Liko jambo moja ambalo Dražen hakulimaliza.

Katika timu ya Yugoslavia alikuwa na rafiki, Vlade Divac. Divac alikuwa Mserbia, Dražen alikuwa Mkroatia. Wote wawili walikwenda Marekani mwaka 1989, kila mmoja timu yake. Katika upweke wa ugenini walipigiana simu mara kwa mara na kutiana moyo.

Mwaka 1990 Yugoslavia ilipata ubingwa wa dunia huko Argentina. Watu wakaingia uwanjani kushangilia. Mmoja alikuwa na bendera ya Kroatia. Divac akamnyang'anya. Baadaye alieleza kwamba ushindi ulikuwa wa Yugoslavia yote, si wa sehemu moja. Lakini Wakroatia wengi waliona amewadharau. Mwaka 1991 Yugoslavia ilianza kuvunjika, na vita vikaingia kati ya Waserbia na Wakroatia. Mji wa Šibenik nao ulishambuliwa. Dražen akaacha kuzungumza na Divac. Walikutana katika viwanja vya Marekani, wakapita kama watu wasiojuana.

Tarehe 7 Juni 1993 Dražen alikuwa akirudi kutoka Poland, alikokwenda kuichezea Kroatia. Wenzake walisafiri kwa ndege. Yeye aliachana nao katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, akaendelea kwa gari dogo pamoja na watu wengine wawili. Mvua ilikuwa ikinyesha. Lori moja liliacha njia yake, likavunja kizuizi cha katikati, likaziba barabara. Gari lao likaligonga. Dražen alikuwa amelala katika kiti cha mbele, bila kufunga mkanda. Alikufa palepale. Wale wawili waliumia, lakini hawakufa. Dražen alikuwa na umri wa miaka 28.

Alizikwa Zagreb. Miaka mingi baadaye Divac alikwenda huko, akakutana na mama Biserka, akatembelea kaburi la rafiki yake. Habari hizo zilionyeshwa katika filamu mwaka 2010. Divac alisema yale aliyotaka kusema, lakini aliyepaswa kuyasikia hakuwapo. Majuto ni mjukuu.

Waliomfuata

Timu ya New Jersey iliamua kwamba nambari 3, iliyokuwa mgongoni mwake, haitavaliwa tena na mchezaji mwingine. Mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya mpira wa kikapu huko Marekani. Zagreb imejengwa makumbusho yake.

Lakini ukumbusho mkubwa zaidi ni wale waliopita katika njia aliyosaidia kuifungua. Mwaka 2007 Dirk Nowitzki wa Ujerumani alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka katika NBA. Baadaye tuzo hiyo ilikwenda kwa Giannis Antetokounmpo, aliyezaliwa Ugiriki na wazazi kutoka Nigeria, na kwa Nikola Jokić wa Serbia.

Tumejifunza nini?

Ndugu msomaji, kalamu unayoishika leo ndiyo benchi lako. Si aibu kukaa hapo. Aibu ni kukaa bila mazoezi. Soma kurasa mbili kila siku, hata ukiwa umechoka, kama yule kijana alivyotupa mipira yake 500. Andika barua yako mwenyewe, hata kama mistari inapinda. Ikiwa kamati ya kijiji inahitaji mwandishi na wewe unaweza, sema. Usingoje kuonewa huruma.

Na kama yuko ndugu mliyeachana kwa neno lisilofafanuliwa, sasa unajua kuandika. Mwandikie wiki hii.

Maneno mapya

wastani: jumla iliyogawanywa sawasawa. Ukifunga pointi 10 leo na 20 kesho, wastani ni 15.
mwamuzi: anayesimamia mchezo na kukata shauri.
mtoano: michezo ambayo anayeshindwa hutoka, na anayeshinda huendelea.
jedwali: habari zilizopangwa kwa mistari ili zisomeke upesi.
msimu: muda wa mwaka ambao ligi huchezwa.

Maswali

1. Mama yake Dražen alifanya kazi gani?
2. Kwa nini ushindi wa Šibenka wa mwaka 1983 ulifutwa?
3. Kwa nini hatupaswi kuzisoma pointi 112 bila kuuliza?
4. Taja mambo mawili aliyoyafanya Dražen alipokuwa akikaa benchi.
5. Ni kwa sababu gani Dražen na Divac waliacha kuzungumza?

Hesabu

1. Dražen alitupa mpira mara 500 kila asubuhi. Ni mara ngapi kwa siku 6?
2. Cibona ilipata pointi 158. Dražen alifunga 112. Wenzake walifunga ngapi?
3. Dražen alizaliwa mwaka 1964 akafa mwaka 1993. Ukitoa, utapata 29. Mbona tumeandika kwamba alikuwa na miaka 28? Tazama miezi.

Jadilianeni

1. Je, ni vema mtu adai nafasi, au angoje aitwe? Toeni mifano ya hapa kijijini.
2. Divac alifanya kosa, au hakueleweka? Kama ungekuwa Dražen, ungefanya nini?
3. Je, abiria katika kijiji chenu hufunga mikanda katika gari? Kama hawafungi, ni kwa nini?

Kazi ya nyumbani

Andika mistari mitano juu ya jambo ulilojifunza ukiwa mtu mzima. Eleza nani alikufundisha, nini kilikushinda mwanzoni, na siku gani uliona kwamba sasa unaweza. Wasomee wenzako katika kipindi kijacho.